Nani Kaleta Virusi vya Kupimia?

Sakina, Arusha, Jumamosi mchana

Mwanangu Aikande,

Usiisome barua hii ndani ya basi. Kama umeshaifungua na gari limeshapita Usa River, ikunje sasa hivi, maana namjua mtu wa kiti cha pembeni. Anajifanya amesinzia, kumbe jicho moja liko kwenye karatasi yako. Isome ukifika, ukiwa peke yako, na mlango uwe umeufunga.

Nimeandika kwa kalamu, nawe unajua mwandiko wangu ulivyoharibika kwa kuzoea kubonyeza. Lakini ningeiandika kwenye kompyuta ungeiona, kwa sababu sijawahi kuficha kitu kwenye mashine zile usikifukue. Umeenda Olasiti kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi anavyopenda kuongea nina mchana mzima. Duka letu la kuchapa nimelifunga. Mlangoni nimebandika karatasi inayosema narudi sasa hivi, jambo ambalo si kweli, na Mama Shabani wa duka la simu hapo jirani ameshapita mara kadhaa kuchungulia kama ninaumwa.

Mambo ya kula vizuri, kufua na kutochelewa ibada nayapita. Shangazi yako atakuwa ameyamaliza yote, na mwanamke mzima akifundishwa kupika na watu wawili siku moja anaweza kuacha kabisa. Mimi shida yangu ni moja tu. Kesho unakwenda Dar es Salaam kufanya kazi kwa Bwana Festo. Utapima antivirasi, zile programu za kukamata virusi vya kompyuta, matokeo yatatoka gazetini, na chini yake litakuwa jina lako wewe na jina la marehemu baba yako. Festo huyohuyo ndiye anayeuza mojawapo ya antivirasi utakazopima, na mshahara utaupokea mkononi mwake. Wiki nzima umengoja nikubariki kama mzazi anavyombariki mtoto anayetoka nyumbani. Na mimi wiki nzima nimekuwa nikikuzungumzia habari za sufuria.

Baba yako alikuwa akiniita Afisa Forodha. Alisema hakuna mzigo unaoingia nyumba hii bila mimi kuufungua. Alikuwa akinitania, nami sikuwahi kukasirika, kwa sababu ilikuwa kweli na kwa sababu tabia hiyo niliirithi. Bibi yako alikuwa akinunua maharage soko la Tengeru na kuyauza mjini, nami nikiwa msichana nilikuwa nikimbebea bambo. Unalijua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji katikati, unachomachoma nacho gunia ukatoa punje chache za ndani bila kulifungua. Muuzaji alikuwa akisema, "Choma hapa, mama, ujionee mwenyewe." Bibi yako anamjibu, "Asante, baba," kwa sauti ya kanisani kabisa, kisha anazunguka upande wa pili na kuchoma chini karibu na mshono, kule ambako mwenye gunia anaomba Mungu usifike. Hakuwahi kugombana na mtu na hakuwahi kumwita mtu mwizi. Alichoma tu pale alipotaka yeye, na gunia lenyewe likasema lilichonacho.

Nakueleza haya ujue kwamba kosa nililolifanya baadaye sikulifanya kwa kutojua. Nililijua somo tangu nikiwa mdogo.

Hukumbuki vizuri zamani ilivyokuwa. Taipureta yangu ya kwanza niliipata kwa maombi na barua na kumjua mtu. Kisha milango ikafunguliwa, kila mtu akaruhusiwa kuingiza anachotaka, na Arusha ikajaa vitu: mitumba, redio, vyerehani, sabuni zenye harufu ya ajabu, na kompyuta zilizokwisha kutumika zikitokea Dubai. Nikaiuzia benki maneno matamu ya kujaza mashamba mawili nikapata mkopo, nikanunua kompyuta mbili. Walipofungua mpaka hawakututangazia kwamba virusi navyo vitapita. Mtu wa Namanga analeta disketi yake, nachapa barua yake, disketi inaondoka. Anakuja wa Kisongo, nachapa ya kwake, inaondoka. Sikujua kwamba mashine yangu imegeuka kisima kichafu ambacho mtaa mzima unateka maji. Nilijua siku mwalimu Lazaro, aliyekuwa akija kuchapa mitihani ya shule yake, aliposimama mlangoni na kuniambia, "Mama Aikande, mimi hapa naingia na disketi nzima, natoka na mgonjwa."

Aliyasema mbele ya wateja. Wiki ile ile Bwana Festo akatokea, na hadi leo najiuliza nani alimwambia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi, mama. Naelimisha."

Hapo tu ningemwonyesha mlango, maana kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini alikuwa na tai, viatu vyake vilikuwa safi kwenye vumbi letu lile, na mikononi alikuwa na boksi jekundu lenye stika ya dhahabu iliyoandikwa kwamba programu hii imeshinda vipimo huru huko Ulaya. Akaomba dakika chache. Akatoa mfukoni disketi yake mwenyewe, akasema ina virusi vya kila aina, akaiingiza. Mashine ikalia king'ora. Kila kirusi kikatajwa kwa jina, kikakamatwa, kikafutwa. Wateja wakapiga makofi. Mimi, binti wa mama yule wa bambo, mtu ambaye nisingekubali muuza maharage anichagulie gunia, nikakubali muuza antivirasi anichagulie virusi. Sikuuliza hata mara moja nani kaileta ile disketi. Nililiona jibu kwa macho yangu likitoka mfukoni mwake na bado sikuuliza. Nilifurahia king'ora, nikalinunua boksi lake, nikawa naliita Jekundu.

Unakumbuka kilichofuata, maana ulikuwa likizo. Kamati ya harusi ya kijana wa Mzee Mollel ilileta majina ya waalikwa nichape kadi. Jekundu alikuwa macho, anang'aa pale pembeni ya kioo, ananiambia uko salama. Kadi zikatoka majina yameliwa nusu, na mahali pa nusu nyingine kuna alama kama mwandiko wa kuku. Tukaandika upya kwa mkono mimi na wewe mpaka vidole vikafa ganzi. Mwenyekiti wa kamati alisema hana neno, lakini kamati yake haikurudi kwangu tena, na wanakamati wa Arusha unawajua, wakihama wanahama na ukoo.

Mtu akishaumwa na nyoka, ung'ongo nao unamshtua. Nikaenda mjini nikanunua boksi la njano. Lo, Njano nililipenda. Lilikamata kila kitu. Kila disketi iliyoingia lilikuwa na neno nayo. Ukiingiza barua ya kuomba kazi, linang'aka. Ukiingiza nyimbo za kwaya, linang'aka. Nililipenda kwa sababu lilikuwa na tabia yangu. Nilikuwa nikilitazama nasema, hatimaye nimepata msaidizi anayeielewa dunia. Lilipomkamata mwalimu Lazaro nilifurahi kuliko siku zote. Nikamrudishia disketi yake kwa ncha za vidole nikamwambia, "Kumbe mgonjwa ni wewe." Naye mbele ya wateja akaichukua, akaipangusa kwa shati, akaondoka.

Wewe ndiye uliyeharibu mapenzi yangu na Njano. Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, unasubiri matokeo, unashinda dukani umechoka kuona ninavyohangaika. Siku moja ukasema, "Mama, hizi dawa unazinunua kwa kusikia tu. Kwa nini tusizipime wenyewe?"

Nikakuuliza, "Na virusi vya kupimia analeta nani?"

"Wateja. Wanaleta kila siku. Hatuchagui, tunazichukua kama zinavyokuja."

Sijakuambia jinsi nilivyojisikia ulipojibu vile. Nilienda jikoni nikasimama. Hukuwahi kuliona bambo la bibi yako, na hakuna aliyekufundisha kuchoma karibu na mshono.

Ukaitenga mashine moja, isiungane na nyingine. Ukaweka Jekundu, ukalipima, ukafuta kila kitu na kuipanga mashine upya, ukaweka Njano, ukafuta, ukaweka na nyingine ya bure uliyoishusha kwenye intaneti cafe ya mjini kwa taabu nyingi na umeme kukatika. Disketi zilezile kwa zote tatu. Mimi nikawa nasimama nyuma yako naangalia usipendelee. Halafu nikakuona unachanganya disketi mpya kabisa na nyingine ambazo tulijua ni safi.

"Hizo nzima za nini? Tunapima wagonjwa."

"Ndiyo maana, Mama. Nataka kujua ipi inampigia kelele mwizi, na ipi inampigia kelele kila mtu."

Ile ya bure ilikuwa pole pole, unaweza kuchemsha chai ikiwa bado inakagua, na wachache iliwapitisha. Jekundu aliwakamata wale wa zamani wote wenye majina makubwa, akawapitisha wa kwetu wanaosafiri na disketi kati ya hapa na Nairobi, maana hao hajawahi kukutana nao kwenye mfuko wa Festo. Njano aliwakamata karibu wote. Kisha akazikamata na zile safi. Disketi mpya ambayo haikuwa na hata herufi moja aliitilia shaka. Na ile ya mwalimu Lazaro, ambayo nakala yake alikuwa ameisahau kwetu, uliifungua ukaisoma yote mstari kwa mstari. Haikuwa na kirusi. Mwalimu alikuwa amejitengenezea mwenyewe kijiprogramu kidogo cha kujumlisha alama za wanafunzi, na Njano lilipoona kitu kinachojiendesha kwenye faili likakiita mwizi.

Ulinigeukia, nami nikajifanya nahesabu karatasi. Nilipokutana na mwalimu Lazaro kanisani nilimwambia disketi yake imepona. Imepona, Aikande! Mtu alikuwa mzima tangu mwanzo, na mimi nikamwambia nimemtibu. Alinishukuru. Mpaka leo anakuja kuchapa mitihani yake kwangu na kila akija ananishukuru, na kila akinishukuru nakosa pa kuangalia.

Tulipobandika matokeo ukutani kwenye karatasi ya manila, watu walikuja kusoma hata wasio na kompyuta. Ndipo Festo aliporudi, safari hii bila boksi. Alisimama akasoma yote taratibu. Nikajiandaa kwa ugomvi. Akasema, "Mama, mimi sibishi na matokeo. Ila ya kwangu mmeipima ikiwa na njaa."

"Njaa gani?"

"Antivirasi inalishwa. Kila wiki kunatoka orodha ya virusi vipya, unaishusha unailisha. Hii ya bure mmeishusha juzi, imeshiba. Ya kwangu haijala tangu nilipoiweka. Hapo mmeshindanisha nani na nani?"

Nilikutazama wewe. Wewe ukatazama chini, ukasema, "Ana haki." Lilinichoma neno lile. Tangu mwanzo nilikuwa nimemchunga Njano asipendelewe, nimelinda disketi zisichaguliwe, nikasahau kwamba mtu anaweza kudhulumu pia kwa kumnyima mtuhumiwa chakula. Ukarudia yote. Ukazilisha zote siku moja, ukapima siku moja. Jekundu alipanda, alipanda sana, ingawa wale wa barabara ya Nairobi bado baadhi walimpita. Ukabandika karatasi mpya na ya zamani ukaiacha pembeni yake, watu waone zote mbili. Mimi ningeichana. Wewe ulisema, "Iache, waone tulikosea wapi."

Hapo ndipo Festo alipokupenda, na ndipo na mimi nilipoanza kumwogopa. Mtu anayekuja na uongo najua la kumfanya. Huyu alikuja na ukweli mmoja mkononi, na mkono mwingine bado sijauona.

Alipokuja kukuomba ukamfanyie kazi alikaa pale kwenye benchi, akanywa chai yangu, akaniita mama kila sentensi. Akasema kampuni yake inataka kuanzisha vipimo huru, wananchi waache kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikamuuliza vitakuwaje huru wakati wewe ni muuzaji. Akasema ndiyo sababu anamtaka binti asiye na upande. Kisha akaongeza, kwa urahisi kabisa, akiwa anapuliza chai, "Na disketi za kupimia asihangaike nazo. Tutamwandalia pale ofisini."

Niliiweka birika chini. Wewe ukasema, "Nitakuja na zangu."

Akatabasamu. "Tutaona," akasema.

Tangu siku ile neno hilo halijaniacha. Wewe unasema alimaanisha kwamba mtazungumza. Inawezekana. Inawezekana pia ukifika utakuta mezani disketi zimepangwa vizuri, zina lebo, na mkuu wa kitengo anakuambia tumia hizi za mwezi huu tu, gazeti linasubiri, mwezi ujao utatumia zako. Na mwezi ujao unakuja na neno lake. Watu hawamchukui mtu mwaminifu wakamvunja siku moja. Wanaomba kitu kidogo ambacho ukikikataa utaonekana una kiburi. Nimeyaona hayo kwenye chama cha ushirika, nimeyaona kwenye kamati ya ujenzi wa kanisa, na sitakuambia majina kwa sababu barua hupotea.

Hapa ningeweza kusimama, ningekuwa nimekuandikia barua nzuri ya mama mwenye busara. Lakini unajua nilichokifanya, nami najua unajua, na kesho tutaagana stendi tukiwa watu wazima wawili wanaozungumzia sufuria. Kwa hiyo acha niseme.

Nilikupima. Nilimwambia Loti, fundi redio wa Kisongo, mtu ambaye hujawahi kumwona, avae suti ya kaka yake na aje dukani nikiwa nimetoka. Aseme ametumwa na watu wa Dar. Akuombe urekebishe ile karatasi ya ukutani, Jekundu apande kidogo tu, kabla hujaanza kazi, kama ishara ya ushirikiano mwema. Na akuwekee mezani simu mpya ndani ya boksi lake. Simu yenyewe niliiazima kwa Mama Shabani, aliyenipa kwa masharti kwamba isitolewe kwenye boksi na nisimwambie ninaipeleka wapi, maana alihisi kuna dhambi ndani yake. Watu wa Tanga kama yeye wana pua.

Mimi nilikaa saluni ya ng'ambo ya barabara, kichwa chini ya kile kikaushio, nikitazama mlango wangu kupitia kioo. Nilimwona Loti anaingia. Nilimwona anatoka, na boksi kwapani. Moyo ukatulia. Akaja akaniambia, "Amekataa, mama. Kwa adabu. Ameniambia nilete programu yangu aipime pamoja na nyingine."

Ungetegemea nifurahi. Nilifurahi mpaka jioni. Jioni ukarudi nyumbani, ukala, ukaosha vyombo, ukanisimulia habari za paka wa Mama Shabani, na hukusema kwamba kuna mtu amekuja kukuhonga. Hukusema kesho yake. Hukusema keshokutwa. Nikaanza kuchambua. Kwa nini asiniambie? Mtu akikataa rushwa humwambia mama yake. Labda hakukataa, labda walikubaliana kitu kingine na Loti ananidanganya. Nikamshuku Loti. Nikaenda kumwuliza Mama Shabani kama simu imerudi yenyewe au imebadilishwa, akanitazama sana. Nikakuuliza kwa kuzunguka, "Siku hizi hakuna wageni dukani?" Ukanijibu, "Watu wanakuja kila siku, Mama." Usiku nikawa silali. Nilikuwa nimejaribu kuuondoa wasiwasi mmoja nikazaa mitatu.

Na leo asubuhi, tunafunga begi, umepiga magoti juu yake zipu ikubali, ukasema bila kunitazama, "Yule mgeni wako aliirudisha salama simu ya Mama Shabani? Maana aliondoka mikono inamtetemeka, niliogopa ataiangusha."

Nilikuwa nimeshika kanga. Sikumbuki niliiweka wapi.

"Ulijuaje?" nikakuuliza.

"Lebo ya bei chini ya boksi, Mama. Lebo za Mama Shabani nazichapa mimi."

Ukacheka kidogo. Kisha hukucheka tena. Ukamaliza zipu, ukasimama, ukaniambia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako, ya chini kabisa, "Ungeniuliza tu."

Nikasema jambo la kijinga. Nikasema, "Ningekuuliza ungenijibu nini?"

"Ningekujibu," ukasema. Ukavaa viatu ukaenda Olasiti.

Tangu ulipotoka nimekuwa nikilifikiria neno hilo. Jambo la kwanza nililolifikiria, na nalisema ingawa linanitia haya, lilikuwa kwamba basi kipimo changu hakikuwa na maana. Ulijua unapimwa. Wewe mwenyewe ulinieleza wakati mmoja kwamba kuna programu zikijua ziko kwenye kipimo zinajitahidi kuliko kawaida, ndiyo maana wapimaji wazuri hawasemi siku wala saa. Nikawaza: kwa hiyo bado sijui. Kama lebo ile isingekuwepo angefanya nini? Nilikaa na swali hilo muda mrefu, Aikande, nikiligeuza. Mama yako mzazi, badala ya kulia kwa kumuumiza mtoto wake, alikuwa akitafuta jinsi ya kurudia kipimo.

Kisha nikajiona. Nilijiona vizuri, jinsi nilivyoiona ile disketi tupu tukiwa tumesimama wawili mbele ya kioo na Njano likiipigia kelele.

Nimemshuku Festo kwa sababu ataleta virusi vyake mwenyewe kupimia mali yake. Na mimi nilifanya nini? Nilileta kirusi changu, nikakivalisha suti ya kuazima, nikakiingiza kwenye duka la mwanangu, nikakaa chini ya kikaushio nisubiri king'ora. Tofauti yangu na Festo ni kwamba yeye alifanya mbele ya watu.

Sikuandikii ili uniambie si kitu. Ni kitu. Uliishi na siri ile ndani ya nyumba siku zote zile, ukijua mama yako anakuvizia, ukanioshea vyombo na kunichekesha na habari za paka. Nilipowaza kwa nini hukusema, nilikuwa nimewaza sababu zote mbaya, nikaacha moja iliyo rahisi, kwamba ulikuwa ukinisitiri. Ulikuwa ukinisubiri niseme mimi.

Kuhusu Festo bado namshuku, na nitaendelea kumshuku mpaka atakapotoa ule mkono wa pili. Zikikaa disketi zake mezani, uliza nani kaziandaa, na uulize mbele ya watu. Ukizuiwa kuzitumia zako, andika hivyo hivyo chini ya matokeo, kwamba disketi zimetolewa na muuzaji, kisha uweke jina lako. Wakikataa kuliandika hilo, liondoe jina lako. Hayo nayasema kwa sababu siwezi kunyamaza, si kwa sababu hujui. Wewe ndiye uliyeibakiza ukutani karatasi ya makosa yetu wakati mimi nilitaka kuichana. Ningelitazama hilo mapema, nisingehitaji suti ya mtu.

Baraka yangu umeipata, Aikande. Nenda, na utakachokiandika nitakisoma gazetini kama watu wengine wanavyosoma, bila kusimama nyuma ya kiti chako. Itakuwa vigumu kwangu kuliko unavyodhani.

Lakini mzazi hawezi kumwekea mtoto baraka juu ya kidonda. Mchana huu nimetoka kwenda kwa mama mmoja wa Machame huku nyuma ya gereji, ambaye amepanda mmea wa isale uani kwake kama walivyopanda wazee kule nyumbani. Nimemwomba jani moja. Akaniuliza, "Umemkosea nani?" kwa sababu kwetu hakuna anayeomba isale kwa ajili ya urembo. Nikamwambia ni mwanangu. Akashangaa, akasema isale mdogo humpelekea mkubwa, au wakubwa hupelekeana wao kwa wao, hajawahi kusikia mama akimpelekea mtoto. Nikamwambia na mimi sijawahi. Akalikata jani zuri, pana, akanipa.

Nimelifunga fundo kama inavyotakiwa, na liko ndani ya bahasha hii. Litakuwa limenyauka kidogo kwa joto la huko. Unajua kwamba Mchagga akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe, hata kama aliyemkosea amemwaga damu, na mimi najua kwamba kwa kukuletea nimekunyima nafasi ya kukataa. Hata katika kuomba radhi nimekuwekea mtego. Kwa hiyo nakuambia hivi, na Mungu anisamehe na wazee wanisamehe: wewe unaweza kukataa. Ukikataa, lirudishe kwenye basi lolote la Arusha, nitalipokea.

Na safari hii nakuuliza, kama ulivyosema ningekuuliza. Je, umenisamehe?

Sitauliza mtu mwingine.

Mama yako